Mgongo wa Kiti

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa macho pale Ukunda, dirisha liko wazi, na nyuma ya ukuta kuna fundi anapiga randa. Sikumwona. Nilichokipata kwanza ni uchungu kwenye ncha ya ulimi, kisha ukashuka kooni taratibu, kama mtu aliyeramba dawa. Vumbi la mwarobaini. Nyinyi mliolelewa na mafundi mnalijua: halingoji kunuswa, linaonjwa. Machozi yakanitoka, na mama mmoja aliyeketi kando yangu akaniuliza, "Macho yanakusumbua sana, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo. Lilikuwa jibu jepesi kuliko kumweleza kwamba nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Waa, nina miaka tisa, na nimebeba kiti kichwani.

Baba yangu, Fundi Bakari, alikuwa seremala. Banda lake lilikuwa kando ya barabara kuu, mbali kidogo na nyumbani, nami sikuruhusiwa kufika huko kwa sababu ya misumeno. Kwa hiyo nilimjua baba kama mtu anayeondoka asubuhi akiwa safi na kurudi jioni akiwa na vumbi kwenye nyusi. Kilichotokea katikati sikukijua. Vitu vilikuja nyumbani vikiwa vimekwisha: kabati, kigoda, mbuzi ya kukunia nazi. Na siku moja kikaja kiti.

Hakikuwa kama viti vya kwetu. Kilikuwa cha mwarobaini, chembamba, chepesi, mikono yake imepinda kama pembe za ng'ombe, na mgongo wake ulikushika kiunoni kama mkono wa mtu. Mama alikiwamba mwenyewe kwa kamba, kama anavyowamba vitanda. Basi kiti hicho kikawa chake. Alikuwa na maumivu ya kiuno tangu alipomzaa mdogo wangu, na alipokikalia nilimwona akifumba macho.

Baada ya hapo hoteli moja ya Diani ikamwagiza baba viti vya namna ile vya kuweka barazani. Vyao alivitengeneza kwa mbambakofi, mbao nzito ya bei, na siku vilipopakiwa mama alichoma ubani. Tulikuwa na furaha.

Lakini mimi nilikuwa na jambo nililolijua peke yangu. Chini ya godoro la baba kulikuwa na ukurasa mmoja wa gazeti la Kizungu, la karatasi nzuri inayoteleza, na kwenye ukurasa huo kulikuwa na picha ya kiti. Kiti kile kile. Kando ya picha kulikuwa na uso wa mzee wa Kizungu mwenye huzuni. Wakati huo nyama na maandazi tulifungiwa kwa magazeti ya zamani, nami nilikuwa nikiyasoma yote kabla hayajatupwa. Nilijua kwamba picha ya mtu ikitoka gazetini na maneno machache chini yake, mtu huyo amepotea na watu wake wanamtafuta. Nilisoma darasa la nne. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha. Nikautazama ukurasa ule, nikamtazama yule mzee, nikaelewa: amepotelewa na kiti chake, na kiti chake kiko sebuleni kwetu. Nikaurudisha ukurasa chini ya godoro. Sikumwambia mtu.

Alhamisi moja ya likizo, mchana, mjomba Salimu alikuja. Ni ndugu yake mama, naye alikuwa mtunza bustani katika hoteli hiyo ya Diani. Siku ya kazi hakuwa na desturi ya kufika kwetu. Baba siku hiyo alikuwa amerudi kula. Mimi nilikuwa uani naosha vyombo, na ukuta wetu ulikuwa wa udongo, hauzuii maneno.

"Shemeji, kuna mambo," mjomba alisema. "Wamekuja Wazungu kutoka Denmark. Wameleta viti vya kwao, vya zamani, vimepangwa kwenye ukumbi mkubwa watu waje kutazama. Sasa mkubwa wao, mama mmoja, ameviona viti vyako barazani. Amesema hivi ni vyao."

"Vyao vipi?"

"Ndivyo alivyosema. Na meneja amesema amevipata kwako. Wanakutaka Jumamosi asubuhi ukaeleze umevipata wapi."

Nikasikia sauti ya mama: "Bakari, kula basi." Na baba akasema, "Nimeshiba." Nilipoingia kuchukua sahani, wali ulikuwa haujaguswa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na vidole vilikuwa vinatetemeka. Sijawahi kuisahau ile mikono. Mtu aliyekuwa akishika patasi kutwa nzima bila kuteleza, anatetemeka mbele ya sahani ya wali. Hapo nilipata uhakika niliokuwa sijaupata kwenye ukurasa wa gazeti. Baba ameiba, nao wamejua.

Usiku ule na asubuhi iliyofuata nilikuwa na wazo moja tu. Polisi wakija, watakikuta kiti sebuleni.

Ijumaa, adhana ya mchana ilipolia, baba akaenda msikitini. Mama alikuwa amempeleka mdogo wangu kliniki. Nikakigeuza kiti miguu juu, nikakitia kichwani kama watu wanavyobeba viti vya arusi, nikatoka kwa mlango wa uani. Kilikuwa chepesi, lakini mikono yake ilinipiga mabegani kila hatua. Jua lilikuwa utosini. Nilikuwa nimeshafika nyuma ya nyumba ya Bi Mwanatumu nilipomsikia akiita.

"We mtoto! Kiti kinakwenda wapi?"

"Shikamoo, bibi. Kwa bibi yangu. Kuna wageni."

"Marahaba. Haya, wasalimie."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza ambao nauona bado, kama kovu. Ulitoka laini kabisa. Nikaendelea na njia hadi machimbo ya zamani ya mawe ya kujengea, shimo refu lililoachwa, lenye vichaka na maji ya mvua chini. Nilitaka kukiteremsha taratibu. Nilikuwa na nia, siku moja, mambo yakipoa, ya kukirudisha. Lakini ukingo ulikuwa na kokoto, kikaniponyoka. Kiligonga jiwe mara moja, na nikasikia mlio wa mtu anayevunja ukuni kwa goti. Kisha kikatua chini kwenye kichaka. Nikabaki nimesimama pale, mikono bado iko hewani.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama aliporudi alitazama mahali kiti kilipokuwa, akadhani baba amekipeleka bandani. Baba alirudi jioni, akala kidogo, akalala na mawazo yake. Hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Jumamosi, baada ya chai, baba alivaa kanzu, akaukunja ule ukurasa wa gazeti akautia mfukoni, akamwambia mama, "Mama Mwanasha, nitolee kile kiti. Nataka niende nacho."

"Si umekichukua wewe?"

"Nikichukue niende nacho wapi?"

Walitafuta nyumba nzima. Walitafuta jikoni, uani, nyuma ya choo. Mimi nilikuwa nimemshika mdogo wangu, nimemkumbatia sana hata akaanza kulia. Mwisho baba aliketi chini kabisa, kwenye sakafu, na kanzu yake nyeupe.

"Wamechukua ushahidi wangu," alisema.

Neno hilo nililijua. Na wallahi nilifurahi. Kwangu ushahidi ulikuwa kitu kinachomfunga mtu. Sikujua kwamba ndicho hicho hicho kinachomfungua.

Kisha akanitazama. "Vaa viatu. Wewe unasoma Kiingereza. Utanisomea yaliyoandikwa, nisije nikatia sahihi kitu nisichokijua."

Tukaenda kwa bodaboda, mimi katikati, uso wangu kwenye mgongo wa dereva na pumzi ya baba kisogoni.

Ukumbi ule ulikuwa baridi kama ndani ya friji. Kuta nyeupe, sakafu inang'aa, na viti. Viti vingi, kila kimoja juu ya jukwaa lake dogo, kila kimoja na taa yake, na mbele yake kamba ya buluu. Vilikuwa vitupu vyote. Mlinzi alitwambia tumngoje meneja, basi tukasimama. Tumezungukwa na viti kila upande na hatuna pa kukaa.

"Pameandikwaje hapa?" baba aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Tafadhali usikalie."

"Na hapa?"

Nikasogea. Kulikuwa na jina refu, kisha mwaka, kistari, na mwaka mwingine. Kinachofuata, vivyo hivyo. Niliijua namna hiyo ya kuandika. Nilikuwa nimeiona kwenye makaburi ya Wakristo. "Baba," nikasema, "wenyewe wamekufa."

Ndipo nilipoinua macho nikamwona. Ukutani, mkubwa kama mlango, yule mzee wa gazeti. Uso ule ule, huzuni ile ile. Na chini ya picha, jina, mwaka, kistari, mwaka. Nikajua amekufa kwa uchungu wa kiti chake. Nilimshika baba kanzu nikitaka kumvuta tutoke. Lakini baba hakuwa akimtazama mzee. Alikuwa akikitazama kiti kilichokuwa chini ya picha ile.

Kilikuwa sawa na chetu. Mikono ya pembe, miguu myembamba, kiwambo cha kamba. Baba akanyanyua mguu, akavuka kamba ya buluu, akapita nyuma ya jukwaa na kupiga magoti.

"Kumbe," alisema. Kisha tena, kama mtu aliyeambiwa jibu la kitendawili kilichomsumbua miaka: "Kumbe mgongo wake ni mwepesi tu. Ni mbao mbili zilizonyooka."

"We mzee! Toka huko!" Mlinzi alikuja mbio, na nyuma yake meneja, na nyuma ya meneja mama mmoja mzee wa Kizungu, nywele fupi za mvi, miwani imening'inia kifuani. Ndiye mkubwa wao, jina lake Bi Kirsten. Pamoja naye alikuwa dada wa mapokezi, Wanjiru, mtu wa bara, aliyeitwa atafsiri.

Meneja hakungoja salamu. "Huyu ndiye. Aliniambia viti vimetoka Ulaya, kwa Mzungu aliyehama. Mimi nimenunua kwa nia njema."

Baba akasimama. Alikuwa bado upande wa ndani wa kamba, peke yake na kiti. "Bwana, sikusema hivyo. Nilikwambia nimevitengeneza. Ulikuja bandani kwangu ukaviona havijapigwa msasa."

"Mimi? Bandani kwako? Lini?"

Bi Kirsten alisema jambo kwa Wanjiru, naye akatwambia, "Mzee, anasema hivi. Wageni wa hoteli wameambiwa hizo viti ni original za Denmark. Yeye ameziangalia, si original. Mbele ni kama yao, lakini hio mgongo si yao. Hajawahi iona mahali. Anataka kujua uliitoa wapi."

Baba akatoa ukurasa mfukoni, akaukunjua. "Mgeni mmoja aliacha gazeti kwenye gari, dereva akanipa. Nilikipenda. Lakini picha ni ya mbele tu, tazama. Mgongo hauonekani. Nilikaa miezi najiuliza nyuma kukoje. Basi nikatengeneza wa kwangu. Mke wangu alikuwa na maumivu ya kiuno. Nilimkalisha juu ya gogo, nikampima kwa kamba, hapa mpaka hapa. Nikapinda mbao mpaka ikamfuata yeye."

Wanjiru alitafsiri polepole. Nilimwona yule mama akivaa miwani.

"Maneno matupu," meneja alisema. "Ukurasa kila mtu anaweza kuokota."

"Cha kwanza kabisa kilibaki nyumbani," baba alisema. "Nilikikosea mara tatu. Kina matundu matatu nyuma niliyoyatoboa vibaya nikayaziba kwa vigingi. Anayenunua kiti kwa Mzungu hanunui makosa ya fundi. Mkikiona… Lakini kimeibiwa. Jana."

Meneja akacheka. "Mnaona? Kimeibiwa! Jana! Nafikiri sasa tuite polisi, watamwuliza vizuri."

Nilimtazama baba. Hakumtazama meneja, alikuwa ameinamisha kichwa. Ndani yangu mambo yalikuwa yakigeuka upesi kuliko nilivyoweza kuyafuata. Kumpima mama kwa kamba. Matundu matatu. Mimi niliyajua matundu yale. Nilikuwa nikitia kidole changu kidogo kwenye vigingi vyake mama anapokuwa amekaa, nikihisi vilivyo laini. Mwizi hazibi matundu.

"Hakikuibiwa," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Meneja alikuwa ameshatoa simu. Nikapiga kelele, na ukumbi ule mtupu ukairudisha sauti yangu kutoka kila ukuta: "Hakikuibiwa! Nimekitupa mimi! Kiko shimoni!"

Baba akageuka. Sina neno la uso alionitazama nao. Haukuwa wa hasira, hasira ningeijua.

Tulikwenda sote kwa gari la hoteli: Bi Kirsten mbele, Wanjiru, baba na mimi nyuma, meneja akiendesha mwenyewe. Njia nzima niliomba kiti kiwepo. Kisha nikaomba kisiwepo, ili nisikione. Watu walikuwa wakichoma vichaka upande ule, na moshi ulikuwa mzito ukingoni. Nikaonyesha kwa kidole.

Baba aliifunga kanzu kiunoni akashuka. Kokoto zilimporomokea. Alitupotea ndani ya kichaka, na kwa muda tulisikia matawi tu yakivunjika. Bi Kirsten alikuwa ameshika bega langu, nadhani ili nisisogee ukingoni, na mkono wake ulikuwa mgumu wenye sugu, kama wa baba. Hilo lilinishangaza.

Aliibuka amekibeba begani. Mguu mmoja ulikuwa umekatika, anao mkononi. Kamba za mama zilikuwa na matope. Lakini mgongo ulikuwa mzima. Alikigeuza, akakiweka chini mbele ya yule mama, akarudi nyuma hatua moja.

Bi Kirsten alipiga magoti kwenye vumbi. Alifuta matope kwa kiganja. Akavitafuta vile vigingi kwa kidole, kimoja, cha pili, cha tatu, huku midomo yake ikienda bila sauti. Kisha akafuata mpindo wa mgongo wote, polepole, kutoka chini hadi juu. Aliposimama alimwambia meneja maneno machache ya Kiingereza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Wanjiru hakuyatafsiri. Meneja alikwenda kusimama kando ya gari, akawa anatazama simu yake.

"Mzee," Wanjiru alisema, "anasema hivi. Mbele ya kiti ni ya yule mzee wa kwenye picha. Alikufa, lakini ako na watoto, na kazi yake haifai kuuzwa hivyo bila kuwauliza. Usiuze tena namna hii. Lakini mgongo ni yako. Anauliza kama anaweza piga picha."

Baba alifikiri. "Mwambie nimeelewa habari ya mbele. Sikujua. Na mgongo, mwambie apige. Lakini aandike ni wa nani."

"Ataandika jina yako."

"Si langu. Mama Mwanasha ndiye mwenye mgongo."

Wanjiru alipomtafsiria, yule mama alicheka kwa mara ya kwanza, akaandika.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa mazuri baada ya hapo. Wiki ile ile viti vya barazani viliondolewa, na hoteli ile haikumpa baba kazi tena. Wala nyingine za jirani, kwa muda mrefu. Picha ile kama ilitoka mahali, hatukuiona. Tulikula muhogo siku nyingi. Ilimchukua baba karibu mwaka mzima kubuni sehemu ya mbele ya kwake, inayoafikiana na ule mgongo.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile gari lilipoondoka, baba aliketi kwenye jiwe pale ukingoni, kiti kilichovunjika kando yake. Akaniita. Nilikwenda nikiwa nimekaza shavu kungoja kofi.

"Nani alikwambia nimeiba?"

"Hakuna, Baba."

"Uliniona nikiiba?"

"La."

"Basi kwa nini uliamini?"

Nilimwambia kweli, kwa sababu sikuwa na uongo tena. "Kwa sababu uliogopa."

Nimeyafikiri maneno hayo zaidi ya yote niliyowahi kumwambia. Sasa mimi ni mtu mzima, nimesimama mbele ya meza nyingi, nimeitwa na wakubwa nisiowakosea, na nimeona mikono yangu ikitetemeka. Najua kwamba asiye na kosa naye huogopa, tena pengine zaidi, maana hajui ajitetee kwa lipi. Wakati ule sikujua. Niliona hofu, nikaiita hatia.

Baba alitazama shimo. "Kweli," alisema. "Niliogopa." Kisha, bila kunigeukia: "Na wewe ulipokileta huku, ulikuwa umenichukia?"

"La. Nilikuogopea."

Akauchukua ule mguu uliokatika, akaugeuzageuza, akauweka chini tena.

"Siku nyingine ukiniogopea," alisema, "niulize kwanza."

Nikasema nitamwuliza. Na nikaanza pale pale. Nilimwuliza mbao inapindwaje bila kuvunjika. Nilimwuliza kwa nini yule mzee wa picha alikuwa na huzuni. Nilimwuliza kama polisi watakuja. Alinijibu moja baada ya jingine, bila kuharakisha, mpaka adhana ya alasiri ikatukuta tungali kwenye jiwe. La mwisho nililomwuliza ni kama bado alikuwa anaogopa.

"Ndiyo," alisema. "Kidogo." Akanishika mkono tukainuka.